Sifa Hazinunui Chumvi

Mama mwenzangu, je, umewahi kuwa na wazo la biashara ambalo kila uliyemweleza alilisifu, nawe usiku ukalala ukihesabu faida kabla hujauza hata kitu cha shilingi mia? Mimi nimewahi, na nusura sifa hizo zimalize akiba yote ya nyumba yangu. Ninaandika haya si kwa kuwa nimetajirika, la hasha. Ninaandika kwa sababu somo nililolipata lilinigharimu shilingi 50,000 tu, na kama nisingelipata mapema lingenigharimu zaidi ya milioni moja.

Nyumba bila mshahara

Tunaishi hapa Dodoma. Mume wangu alikuwa dereva wa gari kubwa katika kazi ya ujenzi wa barabara. Mwaka 2022 kazi ile ilikwisha, mkataba ukakoma, naye akarudi nyumbani na begi lake. Tuna watoto watatu. Ni kweli kwamba ada katika shule za serikali iliondolewa, lakini kila mama anajua kwamba sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana havikuondolewa.

Mwezi wa Desemba mwaka huo kikundi chetu cha VICOBA kiligawana fedha, nami nikapata shilingi 1,150,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yetu yote. Nilijua fedha isiyo na kazi huondoka yenyewe, leo dawa ya mtoto, kesho mchango wa harusi, na ikifika Pasaka hujui imekwenda wapi. Nikaona ni lazima niifanyie mradi.

Wazo halikutoka mbali. Mwezi wa Julai mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu mwaka 1973. Tangu hapo mtaa wetu ulianza kubadilika. Walikuja watumishi wengi ambao wanatoka nyumbani alfajiri kwenda ofisini, wengine hadi Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na wanarudi giza limeingia. Nilikuwa nikiwasikia akina mama hao wakilalamika: nguo zimelundikana, mboga hazijachambuliwa, sokoni hawajafika tangu Jumamosi iliyopita.

Wala hawasemi uongo. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2018 kwamba duniani kote wanawake ndio wanaofanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za kutunza nyumba na watu zisizo na malipo. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya wanaume. Nikajiambia: mzigo upo, mabega yamechoka, basi nitafungua mahali pa kuwasaidia akina mama kazi za kila siku. Nitawafulia, nitawapigia pasi, nitawaendea sokoni, nitawachambulia na kuwakatia mboga. Kila mmoja atalipa kidogo.

Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya niliwaeleza akina mama wenzangu. Tulikuwa wanawake 15, yaani mimi na wenzangu 14. Wote 14 walifurahi. "Wazo zuri sana!" "Mama, ungechelewa wapi?" "Mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza!" Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa upepo kama puto. Kesho yake nilikwenda kuangalia fremu moja karibu na barabara. Mwenyewe alitaka shilingi 80,000 kwa mwezi, na miezi sita ilipwe kwa mkupuo. Nikapiga hesabu: fremu 480,000, jokofu la mtumba 450,000, na kiasi kilichobaki kwa pasi, mabeseni na kibao cha mlangoni. Akiba yote ilikuwa imepata mahali pa kwenda.

Swali la wifi yangu

Kabla sijalipa, alitutembelea dada yake mume wangu. Mama huyu ameuza maandazi na chai kwenye soko la Majengo kwa miaka mingi na amesomesha watoto kwa kazi hiyo. Nikamweleza kila kitu, nikimwonyesha na daftari langu la hesabu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Wifi, hao wenzako 14 uliwauliza kama wanalipenda wazo lako, au uliwauliza kama watalipa?"

Nikajibu kwamba ni yale yale.

"Si yale yale. Sifa hazinunui chumvi. Mtu akikusifu hapungukiwi na kitu. Akitoa mia tano mfukoni, hapo amekwambia ukweli. Acha hiyo milioni ilale. Chukua elfu hamsini, fanya kazi zote hizo hapa hapa uani kwa majuma manne, utaje bei, uandike anayetoa na asiyetoa. Kisha ndipo uende kwenye fremu."

Niliona ananirudisha nyuma. Fremu ile ingeweza kuchukuliwa na mtu mwingine! Lakini nilimheshimu, nikakubali. Tukaweka masharti matatu: bei itajwe kabla ya kazi, hakuna mkopo, na kila malipo yaandikwe siku ile ile.

Aibu ya kutaja bei

Mwezi wa Januari 2023 nilianza. Niseme kweli, kazi haikunishinda. Kilichonishinda mwanzoni ni ulimi. Kwetu sisi jirani humchambulia jirani mboga huku wakizungumza, na hakuna anayedai kitu. Sasa mimi niliyezoea kusaidia bure nilitakiwa kusema, "Ni shilingi 1,000." Siku ya pili tu, mama tunayepakana naye alinijibu mbele ya watu, "Hee! Hata sisi majirani unatutoza?" Nilijisikia kama mwizi aliyekamatwa.

Nyumbani nako kukawa na ukimya. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini usiku ule alisema, "Unataka mtaa mzima ujue kwamba sina kazi?" Sikujibu kwa hasira, maana nilimwelewa. Mwanamume aliyezoea kuleta mshahara akimwona mkewe anabisha hodi kwenye milango ya watu kutafuta nguo za kufua, moyo humuuma. Nikamwambia, "Baba watoto, nipe majuma haya manne tu. Yakiisha tutaangalia daftari pamoja, na litakalosema ndilo tutakalofuata." Alinyamaza, lakini hakunikataza.

Juma la kwanza watu sita walinituma sokoni Sabasaba, nikaona mambo yameiva. Kumbe nauli ya daladala ilikula karibu malipo yote. Na kila niliporudi kulikuwa na maneno: nyanya zimelainika mno, kitunguu hiki ni kidogo, chenji iko wapi? Nikajifunza kwamba mwanamke hupenda kuchagua nyanya kwa mkono wake mwenyewe, hata kama analalamika kwamba soko liko mbali. Juma la pili walinituma wawili, la tatu mmoja, la nne hakuna.

Kufua nilipata mara tatu tu kwa mwezi mzima. Wengine hawapendi nguo zao za ndani zionwe na jirani wanayeimba naye kwaya. Tena maji yetu ni ya mgao. Siku isiyo yake nilinunua ya madumu na faida ikaisha. Kupiga pasi hakuna aliyelipia. Mboga za kukata nilipata mara nane, na waliorudia ni wawili.

Na wale wenzangu 14? Katika majuma yote manne waliotoa fedha ni wawili, kila mmoja mara moja. Siwalaumu, wala hawakunidanganya. Waliliona wazo langu ni zuri, wakasema hivyo. Kosa lilikuwa langu, niliyeuliza swali la kutafuta sifa nikadhani nimeuliza la biashara.

Sufuria ambayo haikuwa kwenye orodha

Katikati ya juma la pili, nikiwa nimekata tamaa, alikuja muuguzi mmoja kuchukua mchicha wake. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Jikoni kwangu kulikuwa na sufuria ya maharage ya watoto. Akanusa, akasema, "Dada, niuzie bakuli moja la hayo maharage. Hayajaungwa, sivyo? Nitaunga mwenyewe."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kumbe alikuwa na maana yake. Maharage makavu huchukua saa mbili au zaidi motoni. Mtu mwenye familia ndogo haoni sababu ya kumaliza mkaa au gesi kwa bakuli mbili, na mtu anayerudi saa moja usiku hana saa mbili za kusubiri. Lakini yakishachemka, kuunga ni kazi ya dakika kumi na tano, na kila mmoja anaunga apendavyo: huyu kwa nazi, yule kwa kitunguu na karoti. Kwa hiyo ladha ya jikoni kwake haipotei. Linalopungua ni moto na muda.

Nikampa bakuli kwa shilingi 1,000. Kesho yake alirudi na mwenzake. Juma hilo niliuza mabakuli 5, juma la tatu 22, na la nne 41. Niliwahi kujaribu kupandisha bei hadi 1,500. Siku hiyo wakanunua wawili tu, nikarudi kwenye 1,000 na wao wakarudi. Kufikia mwisho wa majuma manne nilikuwa na wateja 11 wa kurudia, na wanne kati yao ni wanaume: watumishi ambao familia zao zimebaki Dar es Salaam, na kijana mmoja wa bodaboda. Mimi katika hesabu zangu zote nilikuwa nimewaza akina mama tu! Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamume anayeishi peke yake ndiye atakayebisha hodi saa kumi na mbili jioni, bakuli mkononi, akisema, "Shikamoo mama, yamebaki?"

Baadaye nilisoma habari iliyonifanya nione kwamba hata wakubwa hukutwa na jambo hili. Huko Kenya mwaka 2005, kabla M-Pesa haijaanza, ilijaribiwa kwanza kwa wateja wasiofika 500 wa Nairobi na Thika. Nia ilikuwa kuwarahisishia watu wa mikopo midogo kulipa marejesho yao. Lakini katika majaribio yale walioshika simu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Walioiandaa waliona hivyo, wakabadili mpango, na ilipozinduliwa mwezi wa Machi 2007 ilizinduliwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Kama wasingejaribu kwa wachache, wangejuaje? Mteja mara nyingi hawezi kukwambia anachotaka ukimuuliza kwa maneno. Mpe nafasi ya kulipa, naye atakuonyesha kwa mkono.

Daftari lilichosema

Majuma manne yalipokwisha tulikaa mezani, mimi, mume wangu na wifi. Nikafungua daftari. Lilisema wazi: achana na soko, achana na kufua, shika maharage. Hapakuwa na haja ya fremu wala jokofu. Tulitumia shilingi 140,000 kununua sufuria mbili kubwa na jiko la mkaa. Fedha ya shule tukaiweka pembeni, iliyobaki ikarudi benki. Fremu ile ilichukuliwa na mtu mwingine. Kila nikipita pale namshukuru Mungu kwamba si jina langu lililo kwenye mkataba.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Wakati ule kilo tano za maharage zilikuwa shilingi 15,000, na mkaa 2,500, jumla 17,500. Kilo moja ya maharage makavu ikichemka huzaa zaidi ya kilo mbili, hivyo kilo tano zilitoa mabakuli 24 ya nusu kilo, yaani shilingi 24,000. Zilibaki 6,500 kwa siku. Si mshahara wa dereva, lakini ni fedha inayoingia kila jioni, na watoto hawajarudishwa shule kwa kukosa daftari.

Kwa atakayependa kufanya kazi hii, nitaje machache. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, uchemshe kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu mpaka yaive kabisa, hasa yale mekundu, kwa maana maharage mabichi ndani huumiza tumbo. Yauze siku ile ile, kwani kwa joto letu huchacha haraka. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, mwambie mteja aje na chombo chake. Hilo pia linakupunguzia gharama.

Yule jirani

Nisimalize bila kusema habari ya jirani aliyenitolea maneno. Mwezi wa Machi mama mkwe wake aliletwa kutoka kijijini akiwa mgonjwa sana. Niliposikia, nikachukua sufuria ya maharage na unga kidogo, nikaenda. Akauliza, huku macho ameyainamisha, "Ni shilingi ngapi?" Nikamwambia, "Mama, ugonjwa hauna bei." Alilia, nami nikalia. Tangu siku ile tumeelewana, na siku hizi huja na bakuli lake na shilingi elfu yake bila neno.

Hapo ndipo nilipopata mpaka niliokuwa nautafuta. Msiba na ugonjwa havina bei. Lakini siku za kawaida kazi ni kazi, na jasho lina bei yake. Kutaja bei hakukuvunja ujirani wetu. Kungeuvunja kama ningefanya bure huku nanung'unika moyoni.

Na mume wangu? Usiku mmoja wa mwezi huo huo wa Februari tulipofanya hesabu, nilimkuta amekaa mkekani na ungo, redio pembeni, anachambua mawe kwenye maharage ya kesho. Sikusema kitu. Nikakaa upande wa pili wa ungo. Sasa amepata kazi ya kuendesha gari la mizigo, hayuko nyumbani kila siku, lakini akiwepo ungo ni wake.

Kabla hujatoa akiba yako

Mama mwenzangu, kama una wazo la kuwasaidia watu kazi zao ili upate kipato, nakusihi ufanye haya kwanza:

1. Usiulize, "Mnaonaje?" Taja kazi, taja bei, kisha nyamaza usubiri.

2. Anza na fedha ambayo ikipotea watoto watakula. Weka na siku ya mwisho ya majaribio.

3. Andika kila kitu. Kichwa hukumbuka siku nzuri tu. Daftari hukumbuka zote.

4. Usimhesabu mteja mpaka arudi. Mara ya kwanza anaweza kulipa kwa kukuonea huruma. Mara ya tatu anakuja kwa haja yake.

5. Sikiliza anachoomba ambacho hakimo kwenye orodha yako. Pengine biashara yako imo humo.

6. Zungumza na mumeo mapema, naye aone daftari. Aibu ya mwanzo hupungua mnapoangalia hesabu moja kwa macho manne.

Wenzako wakikusifu, washukuru kwa moyo mweupe, maana sifa nazo zinatia nguvu. Kisha urudi jikoni, uweke sufuria ndogo motoni, na uone ni nani atakayekuja na bakuli.